Madarasa ya 2028 yatajengwa. Nani atawajua watoto?

Katika vikao vya wazazi hapa Tanga, hesabu inayopigwa siku hizi ni moja. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka ule watamaliza la saba mwaka huohuo, kwa utaratibu wa zamani. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Ndiyo maana kila anayepewa kipaza sauti, awe diwani, mkuu wa shule au mwenyekiti wa bodi, anazungumzia vyumba, viti na matundu ya vyoo. Hesabu hiyo ni ya lazima na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha ndani yake, kwamba wingi ni tatizo la nafasi, na nafasi ikipatikana masomo yatajiendesha. Mimi nasema shule zetu zitasimama au kuanguka mwaka 2028 kwa jambo ambalo halimo kwenye makadirio ya ujenzi: kama kila mtoto atakuwa na mwalimu mmoja anayemjua jina, anayejua anakwama wapi na kwa nini Alhamisi hakuonekana. Na nasema zaidi, kwamba kujuana huko hakutegemei roho nzuri ya mwalimu. Kunategemea jinsi shule inavyogawa muda wa walimu wake.

Hoja hiyo ya pili ndiyo inayopingwa sana, kwa hiyo niifafanue. Yakitajwa malezi shuleni, picha inayotujia ni ya mwalimu fulani mpole, aghalabu mama mtu mzima, ambaye watoto humkimbilia. Kila shule anaye mmoja. Akihamishwa, wanafunzi wanalia na wazazi wanaandika barua. Tumezoea kumsifu kwa hulka yake kiasi kwamba hatuulizi anafanya nini hasa, wala anapata wapi muda wa kukifanya. Sifa hiyo inawaachia walimu wengine wote mlango wa kutokea: mwenzangu ana kipaji cha watoto, mimi nina Fizikia yangu. Nel Noddings, mwanafalsafa wa Marekani aliyefikiri kwa kina juu ya maadili ya kujali, alikuwa na msimamo mkali ninaoupenda katika jambo hili: kujali hakujatimia mpaka anayejaliwa akupokee na kukuitikia. Mwalimu anaweza kusahihisha madaftari hadi usiku wa manane, na bado mtoto wa dawati la nyuma asione kwamba kuna mtu aliyemtazama. Kwa kipimo hicho nia haitoshi. Kinachohesabiwa ni kile kilichomfikia mtoto.

Wingi kama huu tumeshaupitia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada kuanzia Januari 2016, na madarasa ya kwanza yakafurika nchi nzima. Taifa likaingia kwenye kampeni ya madawati, mbao zikapasuliwa, watoto wengi wakainuka sakafuni. Ilikuwa kazi nzuri. Mwaka huohuo serikali ilianza kulipa posho ya madaraka: Sh200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Sh250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari na kwa mratibu elimu kata. Anayesimamia shule alikumbukwa. Mwalimu wa darasa, yule anayeita majina asubuhi na kutakiwa kujua nani mgonjwa na nani mtoro, hakupunguziwa hata kipindi kimoja. Katika shule nyingi kazi hiyo ni mzigo wa nyongeza anaotwishwa mwalimu mgeni kwa sababu bado hajajua kukataa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na anayefundisha mjini anajua idadi hiyo inapitwa kwa wepisi gani. Kwa hiyo watoto walipata dawati, lakini aliyetakiwa kuwajua alizidishiwa majina bila kuongezewa dakika.

Ushahidi wa kitaaluma juu ya uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ni mwingi, na hausemi kila kitu tunachotaka useme. Mwaka 2011 Debora Roorda na wenzake wa Uholanzi waliunganisha matokeo ya tafiti 99, kuanzia elimu ya awali hadi sekondari. Walikuta uhusiano mzuri na mwalimu unakwenda pamoja na ushiriki wa mwanafunzi kwa kiwango cha wastani hadi kikubwa, na unakwenda pamoja na ufaulu kwa kiwango kidogo hadi cha wastani. Kuna wanaoishika sehemu ya mwisho wakasema, mnaona, alama hazipandi kiasi hicho. Nadhani wanasoma kwa haraka. Ushiriki ndiyo njia ambayo alama hupitia, na hakuna mahali ambapo njia hiyo ni nyembamba kuliko kidato cha kwanza katika shule ya serikali. Mtoto amesoma karibu kila somo kwa Kiswahili tangu aanze shule. Ghafla Biolojia na Jiografia zinakuja kwa Kiingereza. Ana swali kichwani, lakini kuliuliza ni kujianika mbele ya wenzake sitini. Atanyoosha mkono ikiwa ana hakika mwalimu hatamcheka wala hataruhusu acheke mwingine. Asipokuwa na hakika hiyo atanakili ubao, atafunga mdomo, na mwalimu atauhesabu ukimya ule kuwa nidhamu. Baada ya miaka minne ukimya huo unakuja kuonekana kwenye matokeo ya mtihani wa taifa, na sote tunashangaa.

Utafiti mwingine, ambao kwa hoja yangu ndio wenye uzito, umetoka jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 2018. Andrew Hill na Daniel Jones waliwatazama wanafunzi wa shule za msingi ambao ilitokea tu wakafundishwa na mwalimu yuleyule kwa mara ya pili. Alama zao zilipanda. Kidogo, lakini zilipanda. Mwalimu hakupelekwa semina wala hakuwa mpole kuliko mwaka uliotangulia. Alikuwa anawajua tu. Alijua nani anaelewa akionyeshwa mfano na nani anasema ndiyo huku hajaelewa kitu. Matokeo hayo yanaitoa mada hii kwenye eneo la tabia njema na kuiweka mahali ambapo mwalimu wa taaluma, akiwa na karatasi yake ya ratiba, anaweza kuifanyia kazi.

Nimewahi kuona jambo la aina hiyo katika shule moja ya pwani, nje kidogo ya mji. Mwalimu wa Hisabati, bwana asiyecheka ovyo, alikuwa ameandika herufi ndogo pembeni ya daftari lake la mahudhurio. Kwa macho ya kawaida watoto wale walikuwa watoro sugu. Walishafagia uwanja, walishachapwa mstarini, wazazi walishaitwa. Herufi zile zilionyesha kitu kingine: walikuwa wanakosekana kwa vikundi, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni bamvua. Siku hizo hapa kwetu maji hukupwa mbali kwenye saa nne na saa tano asubuhi, miamba inabaki wazi, na familia isiyo na chombo inatoka nzima kutafuta pweza na chaza. Bahari haifuati kengele ya shule. Mwalimu yule hakuitisha kikao cha maadili. Alianza kupanga marudio katika siku za bamvua na mada mpya katika siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali. Akampa kila mmoja wa watoto wale mwenzake wa kumwandikia. Akaenda kwa wazazi kuomba wasiwachukue watoto wote kwa siku moja. Utoro haukwisha, kwa sababu njaa haikwisha. Ila watoto waliacha kupotea kwenye somo. Nilipomuuliza aligunduaje, jibu lake halikuwa na mbwembwe: darasa hilo alikuwa nalo mwaka wa tatu mfululizo, na daftari lilikuwa lilelile. Angepokezana na mwalimu mwingine kila Januari, kila mmoja angeanza upya kuhesabu watoro.

Sasa pingamizi. Lililo dhaifu kuliko yote ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi: sisi tulichapwa na tumefaulu, mtoto akizoeana na mwalimu anaota mapembe. Anayesema hivyo huwa amekaa kiti cha mbele kikaoni. Wenzake waliochapwa wakaacha shule hawamo kikaoni. Wengine wako baharini, wengine kwenye mashamba ya mkonge, na hakuna anayewahesabu wakati wa kutoa ushuhuda. Isitoshe, fimbo anayoitetea siyo ile inayotambuliwa na kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko, tangu zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa au la utovu wa nidhamu uliokithiri, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mtoto anayechapwa kwa kukosea kuzidisha, au kwa kuchelewa siku ya mvua, hachapwi kwa kanuni hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta takribani nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa dawa ya ufaulu, kwa dozi hiyo tungekuwa tumepona zamani.

Pingamizi hilo lina chembe ya ukweli, hata hivyo, na ni uungwana kuikubali. Pwani hii inawakumbuka maalimu wa madrasa waliokuwa wakali kweli, na bado mtu mzima wa miaka hamsini akikutana na maalimu wake njiani anashuka kwenye baiskeli, anampa shikamoo na kumbusu mkono. Watetezi wa kiboko hudai heshima ile ilitokana na kiboko. Mimi naona kiboko kilikuwa kidogo sana katika mambo yale. Maalimu alimjua baba yako na babu yako, alijua juzuu uliyofika na aya inayokushinda, na ukiugua alikuja nyumbani kukusomea. Alikusikiliza peke yako kila siku, ubao wako mkononi, hata kama ni kwa dakika tatu. Shule ya kata imerithi ukali wa maalimu yule bila kurithi dakika zake tatu. Mzazi anayemwambia mwalimu, “mchapeni tu, nyie ndio wazazi wake,” anatoa idhini ambayo zamani ilitolewa kwa mtu anayeijua nyumba yake, na sasa anampa mtu ambaye huenda hajui hata jina la tatu la mtoto.

Na mwalimu anaweza kubadilika. Hilo halihitaji tena mabishano. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule nane za sekondari za serikali hapa Tanzania. Walimu waliopewa mafunzo yasiyofika wiki moja ya namna ya kuwasiliana na wanafunzi bila ukatili walipunguza kupiga, ukiwalinganisha na wenzao wasiopata mafunzo. Uganda, katika wilaya ya Luwero, jaribio la shule 42 lililochapishwa mwaka 2015 liliipunguza hatari ya mwanafunzi kupigwa na watumishi wa shule kwa asilimia 42.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la muda. Mwalimu wa sekondari mwenye mikondo mitano anakutana na mamia ya wanafunzi kwa wiki. Kumwambia awajue wote ni kumtania. Nakubali kabisa, na kwa sababu hiyohiyo nakataa kuiacha kazi hii kwa mwalimu mmoja wa unasihi ambaye jina lake limebandikwa mlangoni. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 30, ikigawa watoto wake kwa walimu wote, kila mmoja anabaki na 30. Hao 30 si wa kufundisha, ni wa kufuatilia: kuzungumza na kila mmoja ana kwa ana walau mara moja kwa muhula, kuandika mistari miwili, na kumkabidhi daftari atakayefuata ikiwa anahamishwa. Mazungumzo ya dakika kumi kwa kila mmoja wa watoto 30 ni saa tano katika muhula mzima. Saa hizo zipo. Leo zinaliwa na mistari ya asubuhi inayovutwa hadi jua linachoma. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yameshazipa shule utaratibu wa walimu kukaa pamoja na kujadili ufundishaji, na Tanga ni mmoja wa mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora ulioanza mwaka 2022. Vikao hivyo vinajadili sana mada ngumu na zana za kufundishia. Vinaweza pia kumjadili mtoto mmoja aliyenyamaza tangu Machi.

Kuna hofu nyingine ambayo wazazi wanaisema kwa kunong’ona, nayo ni ya haki: ukaribu unaweza kuwa kisingizio. Sheria ya elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamtishia anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, na sheria ya namna hiyo haitungwi kwa tatizo la kufikirika. Lakini ukiangalia vizuri, hatari iko zaidi kwenye ukaribu wa siri, ule wa mwalimu kuchagua vipenzi vyake na kuwaita nyumbani kupeleka madaftari. Utaratibu unaompa kila mtoto mwalimu wake, mazungumzo yakafanyika barazani mbele ya macho ya watu, na mwalimu wa pili akayajua, unamnyima mwovu kichaka. Hapo naona mpango ni salama kuliko hisani. Ila wenye kuupanga wajiandae kwa watakachosikia. Katika lile jaribio la Luwero, watoto 434 ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo waliyoyasema walipohojiwa. Mwalimu atakayeketi na watoto wake 30 atasikia habari za baba wa kambo, za njaa, za binti anayetakiwa kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Asipojua njia ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au asipokuwa na namba 116 ya simu ya watoto, atajifunza kutouliza tena. Walimu wengi walishajifunza hivyo.

Mwaka 2028 unaongeza uzito wa pili ambao sijausikia kwenye kikao chochote. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na elimu ya lazima imekuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake mtoto wa miaka 12 au 13 anawekwa kwenye njia. Nani atasema huyu mikono yake inajua ufundi, na huyu anasukumwa kwenye amali kwa kuwa alama zake zilianguka mwaka ambao mama yake alilazwa hospitali ya Bombo? Karatasi ya matokeo haiwezi kutofautisha watoto hao wawili. Anayeweza ni mwalimu aliyekaa nao, na ni nadra anachokijua mwalimu wa msingi kumfikia mwalimu wa sekondari. Mtoto anavuka barabara kutoka shule moja hadi nyingine na mengi yanayojulikana juu yake yanabaki upande wa pili.

Ninachopendekeza ni kidogo na kina gharama, kwa hiyo nisijifanye ni cha bure. Mwalimu wa darasa apunguziwe vipindi viwili au vitatu kwa wiki, na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija waombe kuona alichofanya katika muda huo kama wanavyoomba maandalio ya somo. Aende na darasa lake kutoka kidato cha kwanza hadi cha pili, ikiwezekana hadi cha nne. Pia shule ziache desturi ya kuwarundika walimu mahiri kidato cha nne, ambako matokeo yanaonekana, na kuwaachia kidato cha kwanza walimu wa mazoezi na wa kujitolea. Hili la mwisho litaleta ugomvi na wakuu wa shule, maana wanapimwa kwa divisheni za mtihani wa kidato cha nne wa Novemba. Ugomvi huo ni wa kufanywa sasa, na wanaoweza kuuanzisha ni wazazi walio kwenye bodi, kwa sababu mkuu wa shule peke yake hatathubutu. Ratiba ya Januari 2028 itaandikwa Desemba 2027 na mwalimu wa taaluma, pengine kwa usiku mmoja, kwa penseli na kifutio. Bodi inaweza kuiomba kabla haijabandikwa ukutani, ikasoma safu ya kidato cha kwanza, jina kwa jina.